Shuka Katikati ya Shamba la Mpunga

Samaki mwenyewe hakuzidi kidole cha mwisho cha mkono, na kwa ajili yake nchi mbili zilikuwa zimeandikiana barua kwa miaka mitatu.

Alikuwa amepotea tangu mwaka 1938. Mwaka huo mzungu mmoja mkusanyaji wa viumbe alimkuta kwenye dimbwi huko Mwaya, bonde la Kyela, akamchora, akamtia kwenye chupa ya spiriti, na chupa ikavunjika melini kabla ya kufika Ulaya. Kilichosalia duniani ni mchoro uliofanana na kiazi kitamu chenye jicho, pamoja na mistari michache ya maandishi juu ya urefu na rangi zake, wa mwisho ukisema kwamba aliyemshuhudia samaki huyo ni mpagazi, mtu wa miaka ishirini, jina lake Reubeni. Basi. Baada ya hapo vita vikaja, uhuru ukaja, foleni za sukari zikaja na kuondoka, soko huria likaingia, na maduka ya Mbugani yakajaa redio, khanga na dawa za kuulia wadudu wa mpunga. Kufikia mwaka 1994 kila kilichowahi kuadimika kilikuwa kimerudi, isipokuwa samaki yule.

Reubeni alikuwa bado hai. Alikuwa baba mkwe wa Keziya, na Keziya ndiye aliyekuwa na samaki shambani kwake. Mtu angedhani kazi imekwisha hapo hapo. Lakini Keziya na baba mkwe wake hawakuruhusiwa kuonana.

Hawakuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa ni heshima. Kwa Wanyakyusa wa malezi yao, mke wa mwana hakai alipokaa baba mkwe, hapiti anapopita, hamtazami usoni wala hatamki jina lake. Vijana walishaanza kuyaacha mambo hayo, na mchungaji alishayasema mimbarani mara mbili, akachoka, akaamua tu mzee aje ibada ya kwanza na Keziya aje ya pili. Kwa miaka ishirini na mitano Keziya alikuwa amempikia mtu ambaye hakumjua uso. Alimjua kwa kikohozi, kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, na kwa miguu, kwa sababu macho ya mwanamke mwenye adabu yakiwa chini huona miguu. Miguu ya mzee ilikuwa mirefu, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimejitenga na wenzake kana kwamba kiliwasusia.

Ujumbe kati yao ulipita kwa wifi yake, Tusajigwe, binti wa mzee, mjane ambaye mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo. Tusajigwe asipokuwepo, mzee aliongea na mbuzi.

"Mbuzi," angesema huko ng'ambo ya migomba iliyotenga nyumba zao, kwa sauti ya kusikika vizuri, "waambie wenye masikio kwamba mboga ya leo ilikuwa na chumvi ya kukaushia ngozi."

Na Keziya jikoni kwake angecheka mpaka ashike mbavu, na kesho yake angepunguza chumvi.

Mchezo huo haukuanza kama mchezo. Ulianza kwenye msiba wa Gwamaka, mume wa Keziya, miaka tisa nyuma. Walimlilia mtu mmoja wakiwa pande mbili za ukuta mmoja, na Keziya alisikia jinsi mzee alivyolia, kilio cha mtu mzima asiyejua kulia, kama anayesukuma mlango uliofungwa. Siku ya tatu ndugu wa marehemu wakaanza kuulizana kwa chinichini shamba la bondeni litakuwa la nani. Mzee akatoka, akamshika mbuzi pembe, akapaza sauti mpaka waombolezaji wa mwisho kabisa wakasikia: "Mbuzi! Shamba la bondeni ni la mama wa nyumba hii. Atakayemsumbua anizike mimi kwanza!"

Hakuna aliyemsumbua. Mbuzi yule alishaliwa, na aliyemfuata pia, huyu wa sasa alikuwa wa tatu, lakini neno lilisimama. Shamba hilo, ekari moja na nusu ya mpunga, ndilo lililomlisha Keziya na kumsomesha binti yake Mercy mpaka akawa nesi. Hakuwa na kingine.

Sasa hao wanasayansi. Walikuwa wawili: Dokta Felista wa Dar es Salaam, mwanamke mrefu mwenye haraka, na Bwana Oscar kutoka upande wa Malawi, mtaratibu, mwenye Kiswahili cha Karonga na mwavuli wa kijani. Nchi zao ziliwateua kuwatafuta viumbe waliopotea, kuwaandika na kuwalinda, na kusema kweli ilipendeza kuwaona wakishirikiana. Mmoja alishika wavu na mwingine akashika kalamu, kisha baada ya nusu saa wakabadilishana, ili nchi yoyote isije ikajiona imefanywa kibarua wa mwenzake.

Miaka mitatu mfululizo walikuja Julai, kwa sababu Julai ndipo vibali vilipotoka na ndipo barabara ya Mwaya ilipopitika. Julai mabonde yote yalikuwa yamekauka na ardhi imepasuka. Wanasayansi walimketisha Mzee Reubeni kwenye kiti cha kukunja, wakampa soda, wakamwomba aonyeshe dimbwi. Mzee alinyoosha kidole kwenye vumbi. "Hapa," alisema. Wao wakatazama vumbi, wakaliandika vumbi, wakapiga picha ya vumbi, wakaondoka kwa masikitiko makubwa.

Kijiji kikapata pa kuchekea. Andrea, muuza dawa za mpunga aliyekuwa akivuka mpaka na bidhaa kila wiki, ndiye aliyembandika mzee jina la Reubeni Samaki, na jina likashika. Mzee akipita senta, watu walimuuliza samaki wake anaendeleaje, kama ameoa, kama ana vitambulisho. Mzee hakujibu. Lakini jioni Keziya alikuwa akimsikia, ng'ambo ya migomba, akimwambia mbuzi polepole: "Nilimwona. Mimi nilimwona kwa macho haya." Keziya aliumia. Alimpenda yule mzee, kwa nini nifiche, alimpenda kama baba yake wa kumzaa, na hakuwa na njia ya kumwambia zaidi ya kumpikia.

Mtu atauliza: kama samaki walikuwa shambani kwake, mbona hakusema? Hakusema kwa sababu hakujua kwamba ndiye anayetafutwa. Hakuna aliyejua, na mzee, kwa heshima ile ile, hakukanyaga shamba la mkwewe. Gari lenye bendera mbili haliwezi kutoka mbali vile kumtafuta samaki ambaye hata paka hashibi! Watu wote wa Mwaya walimtafuta kichwani mwao samaki mkubwa, wa kubebwa na wanaume wawili, na kila Tusajigwe alipoisimulia habari ile samaki alirefuka kidogo.

Wa shambani kwa Keziya walikuwa samaki wengine tu, wa kona ya chini, pale mpunga unapopakana na matete. Watoto waliwaita mabwana harusi, kwa sababu dume alivaa mkia mwekundu na koti la buluu lenye madoadoa, na mkewe alikuwa na rangi ya tope. Walikuja na mvua. Maji yakikauka walikwisha, na mvua zikirudi walikuwepo tena bila kuletwa na mtu. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa mama mkwe alimwonyesha kona hiyo akamwambia, "Hapa usipande. Hapa pana wenyewe." Keziya hakupanda. Andrea alipokuja kumuuzia dawa alimkubalia kidogo kwa majaruba ya juu, lakini kwenye kona ile alimkatalia katakata, naye Andrea akaenda akisema kwamba ukoo mzima una kichaa cha samaki.

Mwaka ule wa 1994 barua za vibali zilikwama kwenye ofisi fulani miezi tisa, na wanasayansi wakafika Aprili. Ilikuwa ni kwa makosa, na walikuja wakiomba radhi kwa kila mtu. Kyela yote ilikuwa chini ya maji. Gari lilikwama kabla ya Ndandalo, likasukumwa na wafanyabiashara wa mchele waliokuwa wamekwama wao wenyewe, na Dokta Felista aliingia uani kwa Mzee Reubeni akiwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee. Safari hii hatutapata kitu," alisema. "Tumechelewa mno. Au tumewahi mno, sijui."

"Marahaba. Kaeni. Hata Julai hampati," mzee alijibu.

Keziya alikuwa nyuma ya migomba na sufuria ya ndizi mkononi, akimsubiri Tusajigwe aje kuichukua. Ndipo akamsikia Bwana Oscar akisoma karatasi ya zamani, taratibu, akiitafsiri kwa Kiswahili chake ili kupitisha muda wa mvua. Urefu kama kidole kidogo. Mkia mwekundu. Ubavu wa buluu wenye madoadoa.

Sufuria ilimponyoka.

Hakufikiri. Alishuka bondeni mvua ikinyesha, akachota kwa kikapu kama alivyowahi kuwachotea watoto mara mia, akamtia bwana harusi mmoja kwenye chupa ya jamu, akampa Tusajigwe. Tusajigwe alivuka migomba, akamweka samaki juu ya meza katikati ya soda.

"Wifi anauliza kama ni huyu," alisema.

Keziya alisikia kiti kikianguka. Alisikia Dokta Felista akipiga kelele kama aliyeumwa na siafu, na Bwana Oscar akisema "Mama yangu, mama yangu" mara nane. Mzee hakupewa nafasi hata ya kutazama. Chupa ilifunikwa mara moja kwa kitambaa, kwa sababu kulikuwa na utaratibu.

Utaratibu ulikuwa Fomu Namba Saba. Iliandikwa na wataalamu wa nchi mbili, na haikuweza kubadilishwa nukta bila kikao cha nchi mbili. Kwa kuwa chupa ya zamani ilivunjika, mchoro ulikuwa kiazi na maandishi hayakutosha, fomu ilisema samaki atatambuliwa kwa neno la shahidi peke yake. Ilisema tena kwamba shahidi na mgunduzi watasimama pamoja, mahali pa ugunduzi, kwa wakati mmoja, wasikie masharti, kisha kila mmoja atie sahihi yake mbele ya wataalamu wote wawili.

"Na shahidi akikataa?" Tusajigwe aliuliza, maana yeye hakuacha swali lipite.

"Basi atakuwa samaki asiyejulikana," Dokta Felista alisema. "Hao wana fomu yao, Namba Kumi na Mbili. Ila idara yake ilipunguzwa wafanyakazi mwaka jana, akabaki mlinzi."

Palipotajwa kusimama pamoja na mgunduzi, mzee alikohoa kikohozi ambacho Keziya alikijua. Kilikuwa kile cha hapana.

"Mzee wangu," Dokta Felista alibembeleza, "ni mkweo tu. Dakika tano."

"Dokta, wewe mama yako alikufundisha kuvaa nguo. Mbona huzivui dakika tano?"

Bwana Oscar alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Kwao nako wakwe waliheshimiwa, alisema, na akaomba wapewe siku mbili za kufikiri. Siku ya kwanza walijaribu kumweka Keziya shambani asubuhi na mzee mchana, lakini fomu ilitaka wakati mmoja. Wakafikiria kumfunika Keziya beseni kichwani. Keziya alituma jibu kupitia kwa Tusajigwe ambalo Tusajigwe aliona aibu kulifikisha. Wakafikiria mzee aje kinyumenyume, lakini kwenye kingo za majaruba, wakati wa masika, hata kijana aendaye mbele huanguka. Siku ya pili Dokta Felista aliisoma fomu upya tangu mwanzo, akainua kichwa.

"Imesema kusimama," alisema. "Haikusema kutazamana."

Ndipo likaletwa shuka, kutoka gesti walikofikia Mbugani, shuka lenye maua ya zambarau na jina la gesti pembeni ili lisiibiwe.

Kesho yake asubuhi Mwaya yote ilikuwa kwenye kingo. Mwenyekiti wa kijiji, Lameck, alifungua shughuli kwa hotuba, kwa kuwa hakuwahi kuona watu zaidi ya watano akawaacha hivi hivi. Dokta Felista alishika ncha moja ya shuka, Bwana Oscar ncha nyingine, wote wakiwa ndani ya maji mpaka magotini, na nchi mbili zikasimama hivyo katikati ya mpunga, zikinyeshewa. Upande huu Keziya na wifi yake. Upande ule mzee na mbuzi, maana mzee alisema haji mahali penye mkwewe bila mtu wa kuongea naye. Mbuzi alibebwa begani. Alikuwa amekasirika.

Keziya alitazama chini, akaona miguu. Shuka liliishia juu kidogo ya maji, na ng'ambo yake, mahali maji yalipokuwa machache, kidole gumba kilichosusa kilikuwa kimezama nusu kwenye tope. Hawakuwahi kukaribiana namna ile. Angeweza kunyoosha mkono akamgusa. Moyo ulimwenda mbio kama wa bibi harusi, akajicheka mwenyewe, mama wa miaka arobaini na sita.

"Shahidi apewe samaki," Dokta Felista alisema.

Kitambaa kikaondolewa. Keziya hakuona, lakini alisikia. Pumzi ya mzee ilikatika. Ilikatika kabisa, kisha ikarudi ikiwa imevunjika vipande vipande, na miguu ikaanza kutetemeka mpaka maji yakafanya mawimbi madogo yaliyopita chini ya shuka na kumfikia yeye kwenye vifundo. Watu wengine walimwona mzee anatazama chupa. Keziya peke yake alijua: amemtambua. Baada ya miaka hamsini na sita, baada ya soda zote na vicheko vyote, ni yeye.

"Kabla ya sahihi nitasoma masharti," Dokta Felista aliendelea, akimkabidhi Tusajigwe ncha ya shuka ili ashike karatasi. "Kuanzia siku ya sahihi hizi, ekari mbili kuzunguka dimbwi zitakuwa hifadhi. Hapatakuwa na kulima, kupanda, kuvuna, kuchunga, kuteka maji wala kuingia binadamu bila kibali, kwa miaka thelathini. Patawekwa uzio na bango. Mgunduzi atapewa cheti na kofia."

 Hata Andrea aliacha kutabasamu.

Ekari mbili. Shamba lote lilikuwa ekari moja na nusu. Keziya alitazama mpunga wake, ulikuwa umeanza kubeba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba alihisi ardhi haipo chini ya miguu yake. Miaka thelathini! Angekuwa na miaka sabini na sita, amevaa kofia. Alitaka kusema kwamba kona ile haijawahi kupandwa, kwamba wenyewe wa pale wanaishi vizuri pembeni ya jembe lake tangu enzi za mama mkwe, kwamba nani ataweka jicho pale kama si yeye. Lakini kusema mbele ya baba mkwe ilikuwa haiwezekani, na mbuzi alikuwa upande wa pili.

Akawaza tena. Kama hatatia sahihi, samaki hajagunduliwa. Mzee atarudi kuwa Reubeni Samaki, atachekwa na kila mpita njia mpaka watamzika na jina hilo. Aliyemtetea yeye siku ile mbele ya ukoo mzima, leo atamwacha achekwe kwa sababu ya mpunga?

Kalamu zilitolewa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kama fomu ilivyotaka. Keziya alichukua ya kwake. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, machozi yakimdondokea juu ya karatasi, na alikuwa amefika kwenye herufi ya mwisho aliposikia sauti ya mzee.

"Siye."

"Umesemaje, mzee?" Dokta Felista aliuliza.

"Siye huyu. Wa kwangu alikuwa na mkia wa njano. Na alikuwa mkubwa." Akavuta pumzi. "Mkubwa kama huyu mbuzi."

Kicheko kililipuka kwenye kingo zote za Mwaya. Andrea alikaa chini kwenye maji kwa kucheka. "Kasahau! Reubeni Samaki kamsahau samaki wake!" Dokta Felista alikuwa akimsihi mzee atazame tena, atazame vizuri, mkia ni mwekundu kama ulivyoandikwa, na mzee alirudia siye, siye, kwa ukaidi wa mtu asiye na la kupoteza, wakati kitu pekee alichowahi kumiliki mbele ya watu kilikuwa ndani ya ile chupa.

Keziya alikasirika. Wallahi alikasirika! Alitaka kulipasua lile shuka, aseme mbele ya wote, Mwongo wewe, ni yeye na unajua ni yeye, na lingekuwa neno lake la kwanza kwa mzee yule katika miaka ishirini na mitano. Aliuma khanga mpaka akaonja chumvi. Halafu akatazama chini. Miguu ilikuwa imegeuka. Haikuwaelekea wanasayansi tena wala watu. Ilikuwa imemwelekea yeye, wima, vidole vyote mbele, na haikutetemeka hata kidogo.

Hapo ndipo alipoelewa.

Walibaki na fomu ambayo nchi mbili hazikuwahi kuiwaza: mgunduzi ametia sahihi kwamba amempata, shahidi amesema kwamba siye. Dokta Felista aliiinamia muda mrefu pale majini, mvua ikiifuta. Alikuwa karibu kulia, na Keziya alimwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Alimpenda samaki yule kwa dhati. Bwana Oscar hakuitazama fomu. Alitazama chupa, akatazama kona isiyopandwa, akatazama shuka na miguu pande zake zote mbili. Kisha akaichukua chupa kwa mzee, akaimimina taratibu pale pale kwenye kona.

"Eneo lenye utata linarudiwa," alisema. "Ndivyo fomu inavyotaka. Napendekeza Julai, Dokta. Julai barabara ni nzuri."

"Lakini Julai hapana maji, Oscar!"

"Ndiyo," Bwana Oscar alisema, akafungua mwavuli wake. "Hilo nalo tutaliandika."

Wakaja Julai ile, na Julai zilizofuata. Mzee alikalia kiti cha kukunja, akanywa soda, akanyoosha kidole kwenye vumbi, na watoto wakampokea kwa jina lake la Samaki kama kawaida. Jina halikumtoka mpaka kufa. Bwana Oscar kila alipokuja alizunguka kona ile kwa pembeni bila kuikanyaga, na mara moja alimwuliza Keziya, kana kwamba ni maongezi tu, kama kuna mtu anayepitisha dawa pale.

"Mma, baba, hakuna," Keziya alimjibu. "Hapa pana wenyewe."

"Ndaga fijo, mama," akashukuru Bwana Oscar, akaandika kitu kwenye daftari lake mwenyewe, si kwenye fomu.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Mwaka mmoja baada ya shuka, mvua za masika ziliporudi na mabwana harusi wakarudi nazo, Keziya aliamka mapema, akachota mmoja, akamtia kwenye chupa ile ile ya jamu. Alivuka migomba wakati mzee yuko chooni, akaiweka chupa juu ya kigoda chake, akakimbia kurudi jikoni kama mwizi.

Alisikia miguu ikirudi uani. Alisikia ikisimama. Kisha ukimya mrefu, mrefu mno, mpaka akaogopa huenda amekosea, huenda amemtonesha mzee wa watu kidonda.

"Mbuzi," mzee alisema hatimaye, kwa sauti ya kusikika vizuri. Akavuta pumzi, akaanza upya. "Mbuzi, waambie wenye masikio. Ni yeye."